Edward Steere (1828–1882): Kiswahili cha Kueleweka na Kiswahili cha Kukubalika

Edward Steere alikuwa askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana zaidi kwa kifupisho chake, UMCA. Katika historia ya Kiswahili anakumbukwa kwa kazi tatu: kitabu cha sarufi na msamiati cha mwaka 1870, mkusanyiko wa ngano za Unguja uliochapishwa mwaka huohuo, na tafsiri ya maandiko ya Kikristo aliyoishughulikia hadi kufa kwake. Kazi zote tatu zilizuka kutokana na tatizo ambalo kila mfasiri na kila mwalimu hulifahamu. Maandishi yanaweza kuwa sahihi kisarufi na fasaha kwa viwango vya wanazuoni, hata hivyo yakampita msikilizaji. Yanaweza pia kueleweka na kila mtu, lakini yakakataliwa kwa sababu hayana heshima ya lugha. Steere alikutana na hatari hizo mbili mapema, na namna alivyojaribu kupita katikati yake iliathiri sura ya Kiswahili kinachoandikwa leo.

Kutoka mahakamani hadi kanisani

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma katika Chuo Kikuu cha London, akapata shahada ya udaktari wa sheria mwaka 1850, na mwaka huohuo akapokewa kuwa wakili. Kazi hiyo hakuifanya kwa muda mrefu, ila mazoea yake yalimkaa: kupima neno kabla ya kulitumia, kutenga maana mbili zinazofanana, na kutafuta ushahidi kabla ya kutoa hukumu. Mazoea hayo yanaonekana wazi katika maandishi yake kuhusu Kiswahili, yaliyoandikwa miaka mingi baadaye.

Mwaka 1856 alifanywa shemasi, na mwaka 1858 akapata upadri. Alitumikia Devon, kisha Skegness katika jimbo la Lincolnshire, ambako waumini wake walikuwa wavuvi na wakulima. Msomi huyu, aliyekuwa amehariri maandishi magumu ya Askofu Joseph Butler, ilimpasa sasa azungumze kila Jumapili na watu wasio na habari ya Butler. Wenyeji walimpenda wakamwona mtu wa kawaida, asiyeona haya kukunja mikono ya shati na kushika kazi. Huko Skegness, kabla hajasikia neno hata moja la Kiswahili, alikwisha kujifunza kwamba elimu ya msemaji haina faida ikiwa haimfikii msikilizaji.

Jirani yake katika Lincolnshire alikuwa William Tozer, padri wa parokia nyingine. UMCA ilikuwa imeanzishwa kufuatia hotuba za David Livingstone katika vyuo vikuu vya Uingereza mwaka 1857, na kundi lake la kwanza lilikwenda katika bonde la mto Shire chini ya Askofu Mackenzie. Homa, njaa na vita viliwamaliza, na Mackenzie akafa mwaka 1862. Tozer alichaguliwa kushika nafasi yake, naye akamwomba Steere waandamane. Waliondoka Uingereza mwaka 1863. Baada ya kuona hali ya bonde la Shire, Tozer aliamua kuhamishia misheni Unguja. Waliwasili huko mwishoni mwa Agosti 1864.

Mji wa lugha nyingi

Unguja waliyoikuta ilikuwa chini ya Seyyid Majid bin Said. Bandarini walikutana Waarabu wa Omani na Hadharamaut, Wahindi wa Kachchh na Gujarati, Wangazija, Waswahili wa Lamu, Mombasa na Kilwa, mabaharia wa mataifa mbalimbali, na maelfu ya watu waliotolewa bara kwa nguvu wakauzwa sokoni. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wote hao, lakini hakikuwa kimoja. Mwanazuoni alikuwa na Kiswahili chake, mwana wa mji alikuwa na chake, na mpagazi aliyejifunza njiani kutoka bara alikuwa na chake.

Wanafunzi wa kwanza wa misheni walikuwa wavulana watano walionaswa kutoka mikononi mwa wauza watumwa, ambao Sultani aliwakabidhi kwa Tozer. Baadaye waliongezeka wengine, wavulana kwa wasichana. Lugha zao za kuzaliwa zilikuwa Kiyao, Kimakua, Kinyanja na nyinginezo za bara. Hawakuwa Waswahili wa asili. Walikuwa wakijifunza Kiswahili wakati uleule Steere alipokuwa akijifunza. Jambo hili hutajwa kwa nadra katika habari za maisha yake, na bila kulifahamu ni vigumu kuuelewa uamuzi alioufanya kuhusu lugha ya tafsiri. Hadhira aliyokusudia kuiandikia ilikuwa ya watu waliokipata Kiswahili kama lugha ya pili, katika mji ambao wenyewe walikizungumza kwa ustadi na kumcheka aliyekiborongoa.

Msaada wa maandishi ulikuwa mdogo. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa amechapisha muhtasari wa sarufi mwaka 1850 pamoja na tafsiri kadhaa. Steere alianza na kazi hiyo, akaiheshimu, lakini mara akagundua kwamba lugha iliyomo sio iliyokuwa ikisemwa barabarani nje ya nyumba yake. Krapf alikuwa ameandika Kimvita, tena kwa tahajia iliyomtatiza msomaji. Steere hakuwa na njia ila kuanza upya kwa kusikiliza.

Zaburi zisizofika mbali

Miongoni mwa watu waliomsaidia katika miaka ya mwanzo alikuwa Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa na kadhi wa Unguja, mmoja wa wanazuoni waliosifika sana katika pwani yote kwa wakati wake. Sheikh alijitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu, katika Kiswahili bora na safi kwa kadiri alivyoweza. Kazi ilianza, ikaendelea kwa Zaburi chache, kisha ikasimama. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi. Lakini Steere alitoa na sababu nyingine, na hiyo ndiyo yenye uzito: lugha ya Sheikh ilikuwa ya kitaalamu mno kwa matumizi yaliyokusudiwa.

Inafaa kulitafakari tukio hili bila haraka, kwani ni rahisi kulielewa vibaya. Kiswahili cha Sheikh Abdulaziz hakikuwa na kasoro. Kilikuwa Kiswahili cha mtu aliyezama katika Kiarabu, tafsiri ya Kurani, fikihi na ushairi, na kiliandikwa kama wenye elimu hiyo walivyoandikiana. Kwa hadhira ya wanazuoni wa Unguja, Lamu au Barawa kingepokewa kwa heshima, na pengine kwa furaha. Ila Zaburi hizi zilikusudiwa kusomwa na kijana wa Kiyao aliyekaa Unguja miaka miwili. Kila neno la Kiarabu ambalo Sheikh aliliona kuwa pambo la lugha lingekuwa ukuta kwa kijana huyo.

Steere angeweza kuchagua njia iliyo kinyume kabisa. Kiswahili cha misafara, chenye viambishi vilivyoanguka na ngeli zilizochanganyika, kilieleweka na watu wengi kupita chochote kingine. Wazungu wengi wa wakati huo na wa baadaye waliridhika nacho. Yeye hakukikubali. Alijua kwamba maneno ya ibada yaliyoandikwa kwa lugha iliyovunjika yangedharauliwa na kila mwana wa mji atakayeyasikia, na kwamba wale vijana wa bara, mara tu wakishajua lugha vizuri, wangeona haya kuyasoma mbele ya watu. Lugha ya kuamuru mizigo ibebwe haitoshi kumwombea maiti.

Alichokitafuta ni Kiswahili cha kawaida cha watu wa Unguja wenye malezi mema: lugha inayotumika nyumbani, barazani na sokoni, yenye sarufi kamili, isiyojikweza na isiyojidunisha. Kwa kuitafuta lugha hiyo aliwageukia watu wa mji wasiokuwa wanazuoni wakubwa, akaketi nao, akawasikiliza wakizungumza mambo yao. Wanafunzi wa tafsiri wanaoambiwa leo wachague rejista kulingana na hadhira wanafundishwa kanuni ambayo Steere aliipata kwa kuona kazi nzuri ikisimama njiani.

Ngano kama shahidi

Njia aliyoitumia kupata lugha hiyo ilikuwa ya wakili anayekusanya ushahidi. Badala ya kuuliza tu neno fulani husemwaje, aliwaomba watu wamsimulie hadithi, naye akaziandika kama zilivyosemwa. Mtu anayeulizwa tafsiri ya neno moja moja huelekea kumpa mgeni jibu analodhani mgeni analitaka. Mtu anayesimulia hadithi husahau kwamba anachunguzwa. Lugha yake hutoka na viunganishi vyake, marudio yake na mwendo wake wa asili.

Matokeo yake ni kitabu cha Swahili Tales, kilichochapishwa London mwaka 1870, chenye matini ya Kiswahili na tafsiri ya Kiingereza zikielekeana. Ndani yake mna kisa cha Sultani Darai, kisa cha Sultani Majnuni, habari za Liongo, na hadithi nyingine zilizokuwa zikisimuliwa katika nyumba za Unguja usiku. Katika dibaji Steere aliwataja wasimulizi na wasaidizi wake kwa majina, jambo ambalo wakusanyaji wengi wa karne hiyo hawakujali kulifanya.

Kwa mwanaisimu, thamani ya kitabu hiki inazidi thamani ya hadithi zenyewe. Ni moja ya hazina kubwa za mwanzo za nathari ya Kiswahili cha masimulizi kwa hati za Kilatini. Ushairi ulikuwa umeandikwa pwani kwa karne nyingi kwa hati za Kiarabu, na barua za biashara na za kisiasa vilevile. Nathari ya kusimulia, yenye mazungumzo, mzaha na kejeli, ilikuwa ikiishi zaidi mdomoni. Steere alipoiandika alijipatia kipimo. Sentensi yoyote ya tafsiri angeweza kuiweka kando ya sentensi ya msimulizi wa Unguja na kujiuliza kama mtu huyo angesema hivyo. Tafsiri nyingi huharibika kwa kukosa kipimo cha namna hiyo. Mfasiri huiweka sentensi yake kando ya matini chanzi tu, na kila anapoisoma huiona sahihi, kwa sababu anaisoma akiwa bado anaisikia lugha ya kwanza nyuma yake.

Kitabu cha 1870 na suala la tahajia

Mwaka huohuo alichapisha A Handbook of the Swahili Language as Spoken at Zanzibar. Maneno ya mwisho ya jina hilo yanastahili kuangaliwa. Steere hakudai kuwa ameandika sarufi ya Kiswahili chote. Alitaja mahali. Kwa kufanya hivyo alikiri kwamba Kiswahili kilikuwa na lahaja nyingi, na kwamba yeye alikuwa shahidi wa moja tu.

Kitabu kinapanga sarufi kwa utaratibu unaomwezesha msomaji kuanza kuzungumza mapema: nomino na ngeli zake, vivumishi, hesabu, viwakilishi, vitenzi, kisha orodha ndefu ya msamiati. Mpango wake wa tahajia ulikuwa mwepisi kukumbuka. Vokali zilipewa sauti za Kiitalia, kila moja na sauti yake isiyobadilika, na konsonanti zilikaribishwa na za Kiingereza. Hati za Kiarabu kama zilivyotumika pwani zilikuwa na historia ndefu na heshima kubwa, lakini kwa kawaida hazikutofautisha e na i, wala o na u, na baadhi ya konsonanti za Kibantu zilikosa herufi yake. Msomaji aliyeijua lugha vizuri aliweza kujaza mapengo hayo kwa kumbukumbu na muktadha. Aliyekuwa akiijifunza alikwama.

Uamuzi wa tahajia uliwafaa wanafunzi wa misheni na Wazungu. Kwa wana wa pwani ulikuwa na gharama. Watu waliokuwa wakisoma na kuandika lugha yao kwa hati za Kiarabu, wake kwa waume, walijikuta baada ya miongo michache wakihesabiwa kuwa hawakusoma, kwa sababu shule na ofisi za serikali zilikuja kutambua hati moja tu. Steere hakuamuru hayo. Yalitokea chini ya tawala zilizokuja baada yake. Hata hivyo ni sehemu ya habari yake, nayo inakumbusha kwamba maandishi yanapofanywa mepesi kwa hadhira moja huenda yakawa mageni kwa hadhira nyingine.

Uchapaji ulifanyika pia Unguja kwenyewe. Misheni ilikuwa na mtambo mdogo, na vijana wa shule walifundishwa kupanga herufi. Sehemu za tafsiri zilitolewa kidogo kidogo, zikasomwa shuleni na katika ibada, zikarekebishwa, kisha zikachapwa tena. Huko pia zilitoka orodha za msamiati wa lugha nyingine alizozichunguza Steere, miongoni mwake Kishambaa na Kimakonde.

Kuhubiri Mkunazini

Steere alirudi Uingereza mwaka 1868 akashughulikia uchapishaji wa vitabu vyake, kisha mwaka 1872 akarejea Unguja. Tozer aliumwa akajiuzulu, na mwaka 1874 Steere akawekwa kuwa askofu katika kanisa la Westminster Abbey. Kati ya safari hizo mbili lilitokea tukio kubwa katika historia ya mji. Mwezi Juni 1873, Seyyid Barghash alitia saini mkataba uliopiga marufuku biashara ya watumwa ya baharini na kufunga masoko yake. Misheni ilipata sehemu ya uwanja wa soko la Mkunazini, na sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873.

Kabla kuta za mawe hazijainuka, Steere alihubiri hapo katika kibanda cha udongo. Waliokuja kumsikiliza hawakuwa wanafunzi wa misheni peke yao. Wana wa mji, Waislamu wenye elimu ya dini yao, walifika kusikiliza na kuhojiana naye. Hapo ndipo lugha yake ilipotiwa katika mtihani wa kweli. Mbele ya hadhira hiyo, kosa la upatanisho wa kisarufi lingemfanya kichekesho, na neno la dini lililotumiwa pasipo pake lingekuwa tusi.

Msamiati wa dini ulikuwa na ugumu wake. Kiswahili kilikuwa na maneno tayari: imani, dhambi, sala, malaika, nabii, sadaka, dini. Maneno hayo yalikuwa yameishi katika Uislamu wa pwani kwa karne nyingi, na kila moja lilibeba maana iliyokomaa. Mfasiri angeweza kuyaepuka kwa kubuni mapya au kuyakopa kutoka Kiingereza na Kigiriki, akapata usafi wa mafundisho na hasara ya kutoeleweka. Akiyatumia ataeleweka papo hapo, ila msikilizaji atalisikia neno kwa maana aliyokwisha kuwa nayo. Kiswahili cha Kikristo, kwa Steere na kwa waliomfuata, kiliyapokea kwa wingi maneno ya zamani na kuruhusu mapya machache pale tu ambapo hapakuwa na la kutosha. Ndiyo maana Mwislamu na Mkristo wa Afrika Mashariki leo wanaweza kuzungumza habari za imani, dhambi na malaika bila mkalimani, ingawa wanajua kwamba hawakubaliani kuhusu yote yaliyomo katika maneno hayo.

Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la watu waliokombolewa kutoka utumwani kurudi bara, nao wakaanzisha makao Masasi. Kiswahili cha Unguja kilikwenda nao. Huko, katikati ya Wayao, Wamakua na Wamakonde, lugha iliyopimwa kwa masikio ya vijana wa bara ilirudi bara ikiwa na vitabu vyake.

Agano Jipya lilikuwa limetafsiriwa lote kabla hajafa, pamoja na sehemu za Agano la Kale na kitabu cha sala. Alifariki Unguja mwezi Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa la Mkunazini alilolijenga.

Masikio ya Mombasa

Krapf alikuwa ametangulia kufa, Novemba 1881, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, mwaka ule wa kifo cha Steere. Wanaume hao wawili waliacha nyuma yao vituo viwili vya lugha iliyoandikwa. Kusini palikuwa na Kiunguja cha UMCA. Kaskazini palikuwa na Kimvita cha misheni ya CMS, ambako William Ernest Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, alikusanya methali na mashairi ya Muyaka na kushikilia kwamba utajiri na ustaarabu wa Kiswahili ulikuwa katika lahaja za huko.

Hoja ya Mombasa haikuwa ya majivuno. Kimvita na Kiamu vilikuwa lugha za ushairi ulioheshimiwa pwani nzima. Tofauti zake na Kiunguja zilikuwa za sauti, za maneno na za sarufi. Anayesema jicho, kichwa na njia Unguja husema jito, kitwa na ndia Mombasa. Mtu wa Unguja hucheka, wa Mombasa huteka. Na kwa mtu wa Unguja kuteka ni kuchota maji kisimani. Sikio la Mombasa halichanganyi mambo hayo mawili, kwa sababu lina t mbili, moja ya menoni na nyingine ya ufizini. Tahajia iliyoundwa kwa masikio ya Unguja haikuwa na haja ya kuzitofautisha, hivyo haikuzitofautisha. Msomaji wa Mombasa aliyepewa kitabu cha Unguja alikielewa, lakini alikisikia kikiwa na lafudhi ya wengine.

Baada ya Steere, mwenzake Arthur Cornwallis Madan aliendeleza kazi. Alikisahihisha kitabu cha 1870, akatoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, na ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Mwaka 1928, wajumbe wa serikali za Afrika Mashariki walipokutana Mombasa kuamua lahaja ya msingi kwa shule na vitabu, walichagua Kiunguja. Sababu kubwa ilikuwa kuenea kwake: misafara ya bara, utawala wa Kijerumani huko Tanganyika, na vitabu vya misheni vilikuwa vimekwisha kukifikisha mbali. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi Januari 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake, na kamusi zilizotolewa kwa jina lake mwaka 1939 zilijengwa juu ya msingi wa Madan. Hivyo uzi unaotoka katika kibanda cha Mkunazini hadi kamusi za shule za karne ya ishirini unaweza kufuatwa bila kukatika.

Kamati hiyo, katika miaka yake ya mwanzo, haikuwa na wajumbe Waafrika. Hapa ndipo tofauti kati yake na Steere inapoonekana, licha ya kumrithi. Steere alisikiliza kwanza, ndipo akaandika, na aliitaja lugha yake kuwa ya mahali fulani. Kamati ilikuwa na madaraka ya kuidhinisha vitabu, na Kiswahili cha baadhi ya vitabu ilivyoviidhinisha kililalamikiwa na wenyeji kwa kuwa na sarufi sahihi na mwendo wa Kizungu. Kilieleweka, hakikukubalika. Washairi wa Mombasa na Lamu waliendelea kutunga katika lahaja zao, na hadi leo ushairi ndio uwanja ambapo maneno ya kaskazini yana heshima kupita ya Kiunguja.

Wakristo wenyewe waliishi na Biblia mbili, ya Unguja na ya Mvita, kwa miongo kadhaa, mpaka ilipotolewa Biblia ya muungano mwaka 1952. Tafsiri hiyo ilijengwa kwa Kiswahili sanifu, na jina lake, Union Version, linaeleza tatizo ililokusudiwa kulitatua. Kwa wakati huo wasomaji wengi wa Kiswahili hawakuwa tena watu wa Unguja wala wa Mombasa. Walikuwa watu wa bara, wajukuu wa hadhira ileile ya vijana wasio Waswahili wa asili ambao Steere aliwafikiria alipoziweka kando Zaburi za Sheikh Abdulaziz.